Imondo Moja, Wakubwa Wawili

Mkisikia watu wa hapa Isecheno wananiita Mama Imondo, msidhani nilibatizwa hivyo. Jina hilo nilipewa kwa aibu, mbele ya mchungaji na chifu, na kwa kweli nilijitakia mwenyewe.

Uhuru ulikuwa mpya, hata kofia ya chifu wetu ilikuwa haijamkaa sawa kichwani. Mume wangu alikuwa amefariki, na shemeji yangu Shikanga alitaka kunitoa kwenye boma, nyumba na shamba, eti boma la mjane halina mwenyewe. Silali, sili. Basi nikafungua Biblia (nimesoma misheni mimi, msinidharau), nikakuta katika Kumbukumbu la Torati kwamba shauri likiwashinda mwende kwa makuhani na kwa mwamuzi, wote, nami nikajiambia ya nini kutembea mara mbili, nikawaalika Mchungaji na Chifu siku moja, kwa kuku mmoja.

Sasa kuku ana imondo moja tu, yaani firigisi, na kwetu hiyo ni ya mwenye boma, ila akija mgeni mkubwa anaachiwa yeye. Mkubwa ni nani hapo? Nimpe Mchungaji, Chifu aseme naidharau serikali. Nimpe Chifu, Jumapili nihubiriwe mimi. Nikasimama jikoni na mwiko, nikaomba, nikaitazama tena ile imondo, nikaona njia moja tu ya haki: nikaila. (Ilikuwa tamu. Zamani kwetu mwanamke hakuruhusiwa kula kuku; sisi wa misheni tulikuwa tumeanza, lakini imondo? Thubutu!)

Nikapeleka obusuma, ugali wetu, na bakuli la nyama. Mchungaji akaombea chakula jicho moja likiwa wazi. Chifu akageuza paja, Mchungaji akapekua chini ya bawa. Shikanga, ambaye hakualikwa wala hakukosa, ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, hii ingokho ilizaliwa bila imondo?"

Nilitaka kumsingizia paka, lakini mbele ya Mchungaji ningethubutuje? "Nimekula mimi," nikasema, na hapo hapo nikapaliwa, nikakohoa, na kipande kilichokuwa kimenasa kwenye jino kikaruka kikatua mezani karibu na kofia ya Chifu. Majirani waliokuwa wakichungulia mlangoni waliangua kicheko. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka.

Shikanga akasimama. "Mmeona huyu mwanamke? Tangu babu zetu imondo inakulwanga na mwenye boma!"

Chifu akaacha kutafuna, akamtazama Mchungaji. Mchungaji akafuta mdomo taratibu.

"Hebu rudia hapo," Chifu akasema.

"Imondo ni ya mwenye boma!"

"Na leo imeliwa na nani?" Mchungaji akauliza.

Shikanga akaketi. Wale wawili, ambao tangu wafike hawakuwa wamekubaliana hata kuhusu mvua, wakaitikia kwa vichwa pamoja, na shauri likaishia hapo.

Boma ninalo mpaka leo, na jina pia ninalo, watoto wananiitia njiani nikienda kuteka maji. Lakini nimekoma. Siku hizi akija mkubwa mmoja namchinjia kuku. Wakija wawili, watakunywa uji.