Maji Yaliyogoma Kutoka

Siku tatu nilichemsha spiriti ile ile katika maabara ya shule yetu hapa Tabora, na siku tatu maji yaligoma kutoka. Mwalimu wa Biolojia alihitaji alkoholi kavu ya kuandalia vipande vya shina la tumbaku vya kutazamwa kwa hadubini. Maji yakibaki, kipande hupata ukungu, hakionekani vizuri. Nami, mwalimu wa Kemia, nilishajigamba mbele ya walimu wote kwamba kuagiza Dar ni uvivu, nitaitengeneza mwenyewe.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alkoholi huwahi kuchemka kuliko maji, kwa hiyo mvuke wake hutangulia, unaupoza, unakinga. Lakini ikifika kama sehemu tisini na sita kwa mia, viwili hivyo huchemka pamoja, na mvuke unakuwa sawasawa na kilichomo chupani. Rudia mara kumi, utakinga kile kile. Dawa yake ni chokaa, iyanywe yale maji, kisha uchemshe tena. Nikanunua mfuko dukani Mtendeni. Wapi! Ukungu ule ule.

Wiki hiyo mama alikuja kutoka kijijini kwetu Choma kutibiwa macho. Nilimpitisha maabara shingo upande, maana pale nilishawaambia wote kuwa anauza asali. Ukweli ni kwamba alipika gongo, pombe kali ya kienyeji inayokingwa kwa mvuke vile vile. Ndilo lililonisomesha, na nililionea aibu miaka yote.

"Shikamoo, mama wa asali!" Mwalimu wa Biolojia alimsalimia mlangoni.

"Marahaba," mama akaitika, bila kuuliza asali ipi.

Alilitazama bomba la kupozea, akatabasamu.

"Ukirudia haizidi ukali?"

"Imegoma, mama."

Akatia chokaa yangu kisahanini, akainyunyizia maji. Haikupata joto wala kutoa sauti. Kila mwaka yeye hupaka chokaa kuta za kanisa lao, anaijua.

"Baba, hii imeshazimwa. Imeshakunywa maji yake, ya kwako itayaweka wapi? Tafuta mabonge, yale yanayotokota yakipata maji."

Shahada yangu nzima ilinywea. Mabonge tuliyapata kwa fundi mwashi mmoja mtaa wa Isevya. Nikayaloweka kwenye spiriti hadi kesho yake, nikachemsha. Kipande cha kwanza kilitoka safi, kila mshipa unaonekana.

"Nani kakufundisha?" Mwalimu wa Biolojia akauliza.

Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akaniwahi. "Kajifunza chuoni, mwalimu. Mimi nauza asali tu."

Nilijisikia vibaya kuliko siku zote tatu za kushindwa.

"Ni mama kanifundisha," nikasema. "Alikuwa anapika gongo."