Siku Niliyowageuza Wakimbiaji wa Mikumi

Siku yangu ya kwanza kazini sikumchoma mtu sindano hata moja. Niliripoti Kilosa asubuhi, muuguzi mpya, gauni jeupe limenyooka kwa pasi. Mchana mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa kituo chetu cha afya, alinikabidhi sanduku la huduma ya kwanza akaniambia niende uwanjani. Vijana wa Magomeni walikuwa wanacheza fainali na wa Chanzuru, mashindano yaliyoandaliwa na wananchi wenyewe kwa kujitolea. Nikakaa kwenye benchi, nikafurahia mpira. Mganga alipokuja kunikagua, alisimama nyuma yangu kwa muda.

"Sista, mpira una watazamaji wa kutosha. Wewe tazama watu."

Nikageuka. Geti lilikuwa moja tu, na muuza chipsi alikuwa ameweka jiko lake katikati yake, karai la mafuta linachemka. Tulimsogeza dakika chache kabla ya bao la ushindi. Umati ulipofumuka kupitia pale kwa shangwe, niliona ni wangapi wangeungua, nikajua nimeipata kazi yangu.

Tangu hapo, popote nilipohamishiwa, iwe Chanzuru, Ruaha kwenye miwa au Mikumi, nilikuwa muuguzi siku za kazi na mratibu wa usalama wa michezo mwisho wa wiki. Kazi hiyo huanza na tathmini ya hatari: unatembea njia nzima kwa miguu, ukijiuliza nini kinaweza kumdhuru nani, na utafanya nini kikitokea. Unapanga vituo vya maji, na humruhusu mtu yeyote kukimbia bila fomu ya afya yake. Unaacha njia ya dharura, upenyo ambao hauzibwi hata na gari la mgeni rasmi. Na kwa kuwa huwezi kumwandikia barua ya onyo mtu aliyejitolea, unamweleza mpaka aelewe.

Mikumi tulikuwa na mbio za kila mwaka, kutoka uwanjani, kwenda na kurudi kwenye barabara ya vumbi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa msimamo. Nilipotaka kila kituo kiwe na bendera nyekundu ya kuwarudisha wakimbiaji, aliona ni uchuro. Nilizishona mwenyewe, nikazigawa.

Kituo cha mbali kabisa, kabla tu ya mahali pa kugeukia, nilimweka Mama Nkwimba, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, kwa sababu alijua wanyama kuliko sisi sote. Mwaka ule, mbio zikiwa zimepamba moto, alinipigia simu.

"Sista, tembo wametoka porini. Wana watoto. Wanavuka taratibu, hawana haraka."

Nikamuuliza wakimbiaji wako wapi. Akasema hawajamfikia, ila vumbi lao analiona.

Mwenyekiti aliposikia, alitazama jukwaani kwa mgeni rasmi, akasema labda tusubiri kidogo, huenda wanyama wakapita.

"Tembo wenye watoto hawasubiriwi, Mwenyekiti. Ninageuza."

Alilipa jukwaa kisogo. Kisha akasema, "Geuza."

Nilipiga simu kituo baada ya kituo. Kule mbele Mama Nkwimba alisimama katikati ya barabara na bendera yake. Kijana aliyekuwa anaongoza, aliyefanya mazoezi mwaka mzima, alijaribu kumkwepa. Mama alimkamata fulana, akamzungusha, akamwelekeza alikotoka.

Sasa fikirini: mbio zote zimegeuka, na wa mwisho wamekuwa wa kwanza! Aliyekata utepe alikuwa mama lishe wa stendi, kanga imefungwa kiunoni, ndala mkononi, anacheka huku machozi yanamtoka. Uwanja ulilipuka. Mwenyekiti alipiga makofi mpaka kofia ikadondoka.

Yule kijana aliingia miongoni mwa wa mwisho, amenuna. Baadaye askari wa wanyamapori wakaja na habari kwamba kundi zima lilikuwa limesimama barabarani, palepale baada ya bendera. Kijana akamfuata Mama Nkwimba.

"Mama, fulana yangu umeichana," akamwambia. "Asante."

Nimestaafu sasa, naishi Magomeni, palepale Kilosa nilikoanzia. Mwaka huu niliamua na mimi nikimbie mbio zile za Mikumi, kwa mara ya kwanza maishani. Nikanunua raba, nikafika mapema kuliko wote. Mezani alikaa binti wa kujitolea, akaniamkia vizuri, akaomba fomu yangu yenye historia ya afya na namba ya simu ya ndugu. Nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nikamweleza mimi ni nani.

"Nakufahamu, bibi," alisema. "Lakini bila fomu hukimbii."

Nilimbembeleza. Alikataa kwa heshima zote. Wakimbiaji wakaondoka, nikabaki nimekaa kando ya meza yake na raba zangu mpya, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.