Abiria wa Kiti cha Nyuma Kushoto

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, gari langu lilizama upande wa nyuma kushoto kana kwamba mtu ameingia akaketi. Hakuna aliyeingia. Hili sikusimuliwa, usukani niliushika mwenyewe, na jua lilikuwa bado linawaka juu ya miwa ya Malava.

Nilikuwa nimelinunua mchana huo huko Mautuma, kwa mkulima anayeitwa Wanjala. Stesheni wagoni ya zamani, injini nzuri, chini imechoka. Nilikuwa nimesoma jinsi ya kukagua gari kuukuu kabla ya kwenda. Nilibonyeza kila kona, nikaona shokabu zinavuja mafuta na bushi, zile raba za chini, zimepasuka. Nilikubali, kwa sababu nilihitaji gari la kumpeleka mke wangu kliniki. Alikuwa amepasuliwa nyonga, na bodaboda zilikuwa zinamliza.

“Ni shokabu tu, mzee,” Wanjala aliniambia, akitazama kuku wake. “Hii gari inabebanga vizuri sana.”

Mjini Kakamega, fundi alibadilisha shokabu, springi na bushi zote za nyuma. Aliposhusha jeki, kona ileile ikazama. Akachungulia ndani. “Mzee, umeficha gunia la mahindi? Si utugawie hata gorogoro moja!” Tulicheka. Akaweka springi nyingine mpya. Kona ikazama tena, na safari hii hakucheka.

Ningesubiri hadi lini? Siku ya kliniki ilifika. Mke wangu aliketi nyuma kulia ili aunyooshe mguu. Hatujafika hata lami, akasema, “Baba Nekesa, huku kuna baridi. Ni kama mtu amenikalia mguu.”

Nikatazama kioo. Niamini, ningependa kusema sikuona kitu. Kando yake alikuwepo mama mzee mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amechoka jinsi watu wanavyochoka kwa kungoja.

“Mwanangu,” akaniuliza, “nyumbani bado?”

Nilipogeuka, kulikuwa na kiti tu.

Nilimpigia Wanjala. Nilipotaja kitambaa, aliuliza kama ni cha kijani. Kisha akanieleza kwamba alikuwa amemtoa mama yake mochari kwa gari lile. Huku kwetu marehemu husemeshwa njiani: sasa tunavuka mto, sasa tunabadilisha gari. Asiposemeshwa, hubaki. Walipofika Malava springi ilikatika. Wakahamisha jeneza kwenye pikapu mvua ikianza kunyesha, kila mmoja akidhani mwenzake amemwambia.

“Na hukunieleza?”

“Ungenunua, mzee?”

“Basi njoo umtoe.”

“Mimi siwezi kuingia hiyo gari. Mlete tu.”

Nikampeleka. Ningefanyaje? Mke wangu hangeweza kusafiri huku mguu wake umekaliwa. Njia nzima nilisema peke yangu kama mwendawazimu: mama, tunavuka mto, mama, hapa ni Malava, hatushuki. Nyumbani kwao Wanjala alifungua mlango wa nyuma kushoto, akarudi hatua mbili.

“Sema,” nikamwambia. “Nimechoka.”

“Mama,” akasema, machozi yakimtoka, “nisamehe. Tumefika. Shuka.”

Gari likanyanyuka taratibu. Springi hazikutoa hata mlio.

Tangu hapo limesimama sawa pande zote. Lakini mke wangu hataki tena kusikia habari ya kiti cha nyuma. Hukaa mbele, mguu umekunjwa, na kila shimo barabarani namsikia akivuta pumzi. Nami kila ninapoegesha, hufungua mlango ule wa kushoto nikangoja kidogo kabla ya kuufunga. Majirani wameacha kuniuliza ninamngoja nani.

Wewe unayetafuta gari kuukuu la bei nafuu, bonyeza kona zote, chungulia shokabu, usione haya. Kisha uliza limembeba nani, na kama aliambiwa ashuke. Mimi sikuuliza. Springi za pili, kazi ya fundi, na mafuta ya kwenda Mautuma na kurudi: shilingi elfu kumi na saba na mia nne.