Mizinga Myepesi

Kabla ya baridi kali, Genovaitė aliinua mizinga ya marehemu mumewe, Steponas, mmoja mmoja, apime uzito wa asali. Yote ilikuwa myepesi. Nyuki wangekufa njaa kabla theluji haijayeyuka.

Zenonas pekee ndiye aliyeifungua, wiki ya mazishi. Kijijini kwao waliogawana kundi la nyuki huwa ndugu, naye aligawana na Steponas.

Genovaitė alimkuta Zenonas uani kwake akifunika mizinga yake kwa majani makavu.

“Shemeji, nyuki humfuata mwenyewe kaburini,” alisema bila kumtazama. “Nikaona asali isipotee bure.”

“Hawajamfuata! Sisi tunazika, wewe unarina hadi akiba yao?”

Genovaitė alirudi kuchemsha sukari awalishe nyuki, huku akisali. Alimwombea Steponas. Alipofika kwenye jina la Zenonas, mdomo ulimgomea.