Ndagala Barazani kwa Bwana

Siku hizi watu wanakaa kwenye semina wanafundishwa kuanzisha vyama vya kutetea haki. Mi nacheka. Baraka, mji wetu wa ziwani, wakati wa Wabelgiji, kabla hatujajua kura ni kitu gani, ilikuwa na vyama tele. Bamama Wakatoliki walikuwa na chao, Waprotestanti chao, Waislamu chao. Sisi wasichana tulikuwa na chama cha kununua vikwembe, vitenge vya namna moja, kwa ajili ya arusi. Na kila chama na kiburi chake!

Kisha bwana mkubwa wa biro, ile ofisi ya Wabelgiji, akatangaza kwamba pale ufukweni, kwenye mchanga tulipoanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, patajengwa depo ya pamba. Mama yangu alikuwa mjane. Bila mchanga ule ndagala zinaoza, na sisi tunalala njaa. Tungekula pamba?

Kila chama kikaenda kulalamika kivyake, kimevaa vizuri, kimebeba samaki wa zawadi. Samaki bwana akawapokea, ombi akalikataa. Kila chama kikarudi kimya, kwa sababu hakuna aliyetaka wenzake wajue kwamba amekataliwa. Majivuno matupu!

Tulikuja kukutana kwenye matanga. Kwetu msiba hauchagui dini, sote tuliketi mkeka mmoja tukichambua sombe, majani ya muhogo. Mama, aliyekuwa wa chama cha Wakatoliki, akashindwa kujizuia. Akawageukia bamama Waislamu.

"Ninyi mulikubali depo ile kwa nini?"

"Nani alikubali? Sisi? Bwana alituambia ni ninyi Wakatoliki ndio mulikubali!"

Bamama Waprotestanti wakashika vichwa. Nao waliambiwa hivyohivyo, kwamba wenzao wamekubali. Ala! Hasira niliyoisikia siku ile ninayo mpaka leo.

Matanga yalipoisha, asubuhi wavuvi walileta ndagala. Hatukwenda mchangani. Tulijitwika mabeseni, sote pamoja, mpaka biro, tukamwaga ndagala mbichi barazani kwa bwana, juu ya saruji yake safi, tukazitandaza mpaka mlangoni. Polisi walitaka kutufukuza, lakini wake zao walikuwa kati yetu wakiwakodolea macho. Wakanywea.

Bwana akatoka, leso puani. "Mkubwa wenu ni nani?"

Mama aliendelea kuzigeuza ndagala.

"Angalia usikanyage, bwana," alisema. "Ni chakula cha batoto."

Jua likawaka, harufu ikapanda. Mchana bwana akafungua dirisha, uso umemwiva, akapiga kelele: depo itajengwa kwingine, turudi mchangani kwetu, turudi sasa hivi!

Mama hakuinua hata kichwa.

"Tutarudi, bwana. Zikikauka."