Huyu Bwana Analala Wapi

Nilikulia Nairobi, mtaa wa Nyayo Highrise, ghorofa ya nne, na kutoka dirisha la jikoni kwetu niliyaona mapaa ya mabati ya mtaa wa mabanda wa Kibera kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nilijiaminisha kwamba najua watu wanavyoishi chini yake. Ujinga huo niliubeba hadi ukubwani, nikauandikia tamthilia.

Nilipoacha kazi ya bima ili niandike vipindi vya televisheni, wenzangu walinikatia keki na mimi nikatoa hotuba ndefu kuliko ilivyostahili. Sehemu ya kwanza niliimaliza kwa wiki moja. Ilihusu mke na mume kutoka magharibi mwa Kenya waliopanga chumba kimoja mtaa wa Kawangware, halafu mama mzazi wa mke anakuja kuwatembelea. Mkuu wa vipindi wa stesheni, mama mpole asiyepandisha sauti, aliisoma yote kisha akaniambia haina uhai. Akanipa wiki mbili. Nikirudi na kitu kilekile, nafasi ya kipindi cha jioni angempa mwingine. Nilitoka pale nikimtukana kimoyomoyo njia nzima. Hofu ilinipata baadaye, nilipoikumbuka ile keki. Nilijua sina uso wa kurudi bima.

Siku hiyo nilikuwa na miadi ya kusukwa karibu na kituo cha Kawangware 56, kwenye saluni iliyobanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na kibanda cha chipsi. Msusi wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kakamega, aliyesuka bila kuangalia. Angeweza kula mahindi, kujibu simu na kumsengenya mwenye ploti ya vyumba vya kupanga alimoishi, na mikono yake isipumzike hata kidogo. Kwa kuwa kusukwa ni kazi ya nusu siku na hasira bado zilikuwa zimenijaa, nikaanza kumsomea kazi yangu kwa sauti, ili apatikane mtu mmoja wa kukubali kwamba nimeonewa.

Nilisoma kurasa kumi. Mikono ikaendelea kuvuta nywele zangu kana kwamba namsomea maelekezo ya dawa ya mende. Nikafika pale familia inapolala, na ghafla mikono ikasimama. Nilifurahi sana. Nilidhani ameguswa.

"Rudia hapo," akasema. "Huyu bwana analala wapi?"

"Kwa kitanda, na bibi yake."

"Na mama ya bibi?"

"Kwa sakafu, nyuma ya pazia."

Mteja mmoja alitoa kichwa kwenye draya ya kukaushia nywele ili asikie vizuri. Halafu wakacheka, wote wawili, kicheko cha kufuta machozi kwa taulo. Mteja akaniuliza nililelewa wapi. Msusi ndiye aliyenihurumia akanieleza kwamba kwao mwanamume hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake. Ni aibu isiyosemeka, na chumba kuwa kimoja hakuiondoi. Mimi, kwa kiburi changu, nikamjibu kwamba siku hizi watu hawajali mambo hayo.

"Wengine labda," akasema. "Lakini huyu wako umemtoa kwetu."

Kisha akanisimulia jinsi mama yake alivyokuja kumsaidia yeye alipojifungua mtoto wa kwanza. Mume wake alilala nje siku tisa, blanketi likiwa ndani ya mfuko wa unga. Leo kwa binamu, kesho kwa fundi viatu, keshokutwa kwa jirani ambaye hata hawakuwa wakisalimiana. Aliporudi nyumbani alikuwa anaijua ploti nzima: nani hukoroma, nani hulia, nani hula mara moja kwa siku na kunyamaza. Nilisikiliza nikaona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu tamthilia yote ilikuwa pale na mimi nilikuwa nimeilaza nyuma ya pazia.

Nilianza upya. Mwanamume, blanketi, na kila sehemu mlango mmoja. Kwa wiki mbili zile nilisukwa, nikafumua, nikasukwa tena, ili tu nipate kumsomea. Mikono ikisimama, niliacha maneno yalivyo. Ikiendelea, nilifuta. Mara moja ilisimama kwa sababu nywele zilikuwa zimefungana, nami nikabaki na ukurasa mbovu ambao mpaka leo ukinijia nafumba macho.

Mkuu wa vipindi alisoma mbele yangu. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu: kesho yake atalala kwa nani? Nikajua nafasi ni yangu.

Tulirekodi Sarang'ombe, huko huko Kibera, kwenye ploti ya mama mmoja Mnubi aliyetuletea chai bila kuombwa na kuwanyamazisha wapangaji wenye redio vizuri kuliko nilivyoweza mimi mtayarishaji. Namshukuru mpaka leo. Lakini shukrani kubwa zaidi nilitaka ziandikwe mwishoni mwa kipindi, jina la msusi lionekane na watu wote. Alikataa katakata. "Bwana yangu bado ako hai," akasema. "Wataniuliza ni nani huyo alikuwa analala nje."

Basi jioni ya kwanza ya kipindi nilienda kukaa kwenye kiti chake. Televisheni ilikuwa juu ya kioo, lakini alikuwa anasuka kisogoni, kwa hiyo aliniinamisha kichwa. Kipindi changu cha kwanza maishani sikukiona hata picha moja. Nilikuwa nikiangalia magoti yangu na kusikiliza: mama mkwe anapiga hodi, mke anamkaribisha, mkwe anamsalimia akiwa mbali. Vidole vya msusi vilikuwa vikienda kama kawaida. Nilikata tamaa kidogo, nikajiambia bima si kazi mbaya.

Kisha nikasikia mlango wa bati ukifunguliwa. Ni pale mume anapotoka na blanketi lake ndani ya mfuko wa unga.

Mikono ikasimama juu ya kichwa changu. Nilingoja ivute tena. Haikuvuta.

"Alikuwa anabeba hivyo hivyo," akasema, taratibu, hata sijui kama aliniambia mimi.

Machozi yangu yalidondokea magotini. Mikono ile ilibaki pale pale, mizito na yenye joto, mpaka matangazo yalipoanza.