Kwaya ya Midomo Mitupu

Usiku ule wa kuamkia tamasha la muziki la shule yetu, nililala na amani ya kijinga. Mimi ndiye mwalimu wa muziki, na nilikuwa nimeamua kwaya isiimbe. Wimbo ulikuwa umesharekodiwa studio. Wanafunzi wangechezesha midomo tu mbele ya wageni. Hata sehemu ya Neema, binti wa kidato cha pili ambaye sauti humkatika akipanda juu, nilimpa mwimbaji wa mjini. Neema hakubisha. Alisema, "Sawa, Madamu," akatazama chini.

Basi nikaota niko ukumbini, tamasha limeshaanza. Akapita kijana wa gitaa, wakapita wasichana wa marimba, kisha wapiga ngoma wakatoka jasho hasa. Nikageuka kumtafuta mkuu wa shule, na kwenye kiti chake ameketi Mwalimu Yohana, aliyenifundisha kuimba nikiwa mdogo kuliko Neema. Tulimzika mwaka juzi, na nyimbo za makaburini niliziongoza mwenyewe. Nikamwamkia. Shikamoo yangu hakuiitikia.

Kwaya inapanda jukwaani. Wimbo unaanza, mtamu, hauna kosa hata moja. Neema anafumbua kinywa, na ninaona kwamba hapumui. Hakuna anayepumua. Vifua vimetulia kama madawati. Naomba wimbo ukome. Midomo yote inajifumba kwa pamoja, na sauti inaendelea kuimba peke yake. Wageni wanapiga makofi yasiyosikika. Nikiwaangalia vizuri, wengi wao niliwahi kuwasindikiza makaburini. Hofu inanishika, nataka kumvuta Neema ashuke, lakini mkono wake ni wa baridi na hauvutiki.

Mwalimu Yohana yuko jukwaani, ingawa sikumwona akiinuka. Amesimama na waimba besi kama mwenzao. Anafumbua kinywa aimbe, hakitoki kitu. Anajaribu tena, mishipa ya shingo imemtoka, na mimi naona uchungu hata kumtazama. Kisha ananisogelea, na maneno yananifikia bila mdomo wake kutikisika.

"Mwanangu, wa kufumbua kinywa bila sauti ni sisi. Hawa mbona umewaleta mapema?"

Niliamka nimelowa jasho, kumeshapambazuka. Sikunywa hata chai. Nilimkuta Neema peke yake ukumbini, anafagia, nikamwambia ule wimbo wa studio tumeuacha na jioni ataimba mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayetaniwa.

"Na nikikatika, Madamu? Mbele ya wazazi wote wale?"

Nilitaka kumfariji kwamba hatakatika, nikaona huo nao utakuwa uongo.

"Utakatika," nikamwambia. "Na sisi tutakusubiri uvute pumzi."

Akaegemeza ufagio ukutani, akaanza kuimba.